Namba ya Ukingo

Jumatatu kifuniko kilikataa tena kuingia kwenye ndoo. Mkaguzi alikisukuma, akakipiga ngumi, akakikalia kabisa, lakini wapi. Meneja akapaza sauti kutoka mlangoni: aitwe Mzee Kipimo.

Mzee Kipimo, fundi aliyepewa jina hilo kwa sababu vidole vyake vilipima kuliko rula, alikuwa kwenye benchi lake na tupa ya kukwangulia chuma mkononi, moyo mzito. Alijua ubovu uko wapi hata kabla ya kuletewa kazi. Atakosaje kujua, na ubovu wenyewe kaupanda yeye?

Miaka miwili nyuma kiwanda kilileta kompyuta. Zamani kalibu, yaani lile umbo la chuma ambamo plastiki ya moto humiminwa, ilichongwa kwa mkono na mafundi saba. Sasa injinia anachora kwenye skrini, anabonyeza, na mashine inachonga chuma yenyewe. Mafundi sita walipewa barua siku moja. Kipimo alibakizwa miezi mitatu tu, amwage ujuzi wake wote kwa injinia, kisha naye ashike njia.

Injinia alikuwa mwanamke mpole, mama wa mapacha, na aliuliza bila kuchoka. Plastiki ikipoa husinyaa. Ya ndoo husinyaa kiasi gani? Ya beseni je? Kipimo alimjibu kweli tupu, maana alimpenda kama mtoto wake. Lakini walipofika kwenye ukingo mnene wa vifuniko, alitaja namba pungufu kidogo, unene wa unywele hivi.

"Binti yangu," alimwambia siku hiyo, "wakinitoa humu ndani sitamaliza mwezi. Nitakufa."

Injinia aliandika namba bila kuinua macho.

Mchezo ukakubali, maana kila wiki mashine ilichonga kalibu mpya ya vifuniko. Kifuniko kikibana, Kipimo anaitwa, anapitisha tupa kwenye kalibu dakika kumi, na kifuniko kinachofuata kinaingia chenyewe. Meneja akatangaza mbele ya watu kwamba kompyuta bila mzee ni bure kabisa, na ile barua ya kumwachisha kazi ikachanwa. Kipimo alicheka peke yake njia nzima mpaka kwenye chumba alichopanga.

Kisha macho ya mkewe yakaanza. Mkewe aliishi kwao kijijini, safari ya siku nzima kwa basi. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki ni cha miezi tu. Mama wa watu hakulia. Alipiga simu akasema, "Njoo nikuangalie vizuri, kabla sijaanza kukupapasa." Wakacheka wote wawili, na kesho yake Kipimo akaenda kuomba kustaafu.

Meneja alimkatalia huku akitabasamu. Sasa vifuniko amwachie nani? Ruhusa itatoka siku mashine itakapomaliza mwezi mzima bila kuharibu kalibu hata moja. Akiondoka kabla ya hapo, asahau kiinua mgongo cha miaka thelathini na moja, na hicho ndicho walichokitegemea yeye na mkewe uzeeni. Likizo je? Hata siku tatu, hapana. Kipimo alimwomba jambo hilo la kustaafu libaki kati yao, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutembeza mambo ya nyumbani kwake kiwandani, akarudi kwenye benchi lake. Kajifungia mwenyewe, na funguo hana.

Alijaribu ujanja. Alimzungukia injinia, akasema labda ule ukingo uongezwe kidogo, jaribio tu. Injinia akababaika, akanywa chai kutoka kwenye kikombe kitupu, akaanza kuuliza habari za wajukuu. Kusema yote waziwazi, hapo Kipimo aliogopa. Kuharibia watu kazi kwa makusudi miaka miwili si utani, hiyo ni polisi. Basi miezi ikaenda, na kila Jumatatu injinia alimletea kalibu mbovu kwa mikono yake, akimuuliza kwa upole kama bado ana nguvu. Mzee akidhani anapimwa, alijibu kwamba anazo tele.

Sasa Jumatatu hii, meneja akiwa bado anaita, simu ililia mfukoni. Alikuwa mkwe wake, amepiga ya video, anamshikia mama simu. Kipimo alitoka nje uani. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua lilikuwa kali mpaka mabati hayatazamiki. Aliusogeza uso karibu na skrini, akatabasamu.

"Mbona giza huko?" mkewe aliuliza. "Washa taa basi, baba watoto, nikuone."

Kipimo alimjibu kwamba umeme umekatika. Alipokata simu alisimama palepale juani akalia kama mtoto.

Hakwenda kwenye kalibu. Alimpita meneja kama hamwoni, akaingia chumba cha kompyuta, akafunga mlango. Alimweleza injinia yote kwa pumzi moja: namba ya uongo, woga wake, macho ya mkewe, sharti la meneja. Akamwomba aisahihishe ile namba leo hii, mwezi uanze kuhesabiwa. Polisi wakitaka waje, ila wamwache kwanza afike nyumbani, huenda mkewe bado anaona japo kivuli.

Injinia alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Akaishusha.

"Mzee wangu, ile namba niliigundua na kuirekebisha wiki ya pili tu," alisema. "Hizi za kila Jumatatu naziharibu mimi mwenyewe, ili wasikufukuze."