Kenge na Matundu ya Kichuguu

Sikilizeni habari ya Kenge, mama aliyependa joto kupita kiasi. Alitaga mayai sita ndani ya kichuguu cha mchwa, maana humo hamna baridi wala joto kali mwaka mzima. Lakini alipopanda juu yake, alikuta matundu yanapumua hewa ya moto.

"Wajinga hawa!" akafoka. "Joto la wanangu linapotea bure!" Akayaziba yote kwa udongo mbichi, akajilaza akijipongeza.

Adhuhuri alipoingiza mguu ndani, aliuchomoa upesi. Mchwa walikuwa wakikimbia ovyo, na mayai yalikuwa ya moto kama mafiga.

"Jua limezidi leo!" akalia.

"Jua ni lile lile la jana, mama," akajibu Fundi Mchwa, kipofu aliyeyajenga matundu yale. "Linaingiza joto, matundu yanalitoa. Linalotoka likilingana na linaloingia, nyumba hutulia. Ukiziba, joto hupanda tu. Fumua!"

Kenge akafumua kwa kucha zote. Joto likamwagika nje, na mayai yakapona.

Alipotulia, aliwaza jinsi dunia inavyoota jua tangu enzi na enzi bila kuungua. Akauliza kwa sauti ya chini, "Fundi, na dunia je? Tundu lake la kutolea joto liko wapi?"

"Mimi sioni, mama. Tazama juu uniambie."

Kenge akainua macho. Anga lote lilikuwa tundu wazi, lisilo na mwisho. Akazificha chini ya tumbo kucha zake, zilizokuwa bado na udongo aliozibia matundu.