Hata Mgeni Hufunikwa

"Unamjua huyu?" aliuliza askari wa chifu, akiigusa maiti kwa ncha ya kiatu.

Gathumbi alitazama paji la uso. Palikuwa na alama ya mkanda wa kubebea kuni, bonde dogo lililochimbwa na mizigo ya miaka mingi. Mkanda wenyewe aliukata yeye, kwenye ngozi ya fahali wao. Mkewe alikuwa amepigwa risasi akiwapelekea wapiganaji viazi msituni.

Ukikubali kwamba ni wako, nyumba inachomwa na watoto wanapelekwa kambini. Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya aliyetunga amri hiyo, alikuwa ndani ya gari, anakunywa chai yake.

"Simjui."

"Una hakika, mzee? Au tukuachie akupikie irio?" Wenzake wakaangua kicheko.

"Nimesema simjui!"

Nyuma yake, kwenye foleni ya wanakijiji walioletwa kuitambua maiti, alisimama mama mkwe wake.

"Na wewe, shosho? Unamjua?"

Kikongwe aliisogelea maiti. "Simjui," akasema. "Lakini hata mgeni hufunikwa."

Akapiga magoti, akaipangusa ile midomo udongo kwa kidole gumba, kisha akavua shuka lake na kumfunika mwanawe. Safari hii hakuna askari aliyecheka.

Alipoinuka na kupita, Gathumbi aliinamisha uso. Ndiyo desturi, mwanamume hamtazami mkwewe machoni. Lakini siku hiyo si desturi iliyomwinamisha.