Masikio ya Marehemu

Simu iliita Zuwena akikamua tui, mikono yote miwili imo ndani ya bakuli. Mama mkwe wake, aliyembeba mtoto mgongoni, akaipokea na kuweka spika kama alivyozoea.

"Dada, napiga kutoka kliniki ya Kibaha. Ni kuhusu yale matibabu yenu ya Nairobi. Uko sehemu ya kuongea?"

Safari ya Nairobi mama mkwe aliijua; ndiye aliyewasomea dua walipoondoka. Zuwena akaona akisema hapana, atakuwa amekiri kwamba lipo analolificha.

"Niko, dada. Sema tu."

"Tunaunganisha rejista ya wagonjwa na wenzetu wa Kenya, sasa nahakiki taarifa zako. Mbegu zilikuwa za mume wako, au za yule mchangiaji?"

Tui likamchuruzika Zuwena hadi kwenye viwiko.

Mtoto alipewa jina la marehemu baba mkwe. Kila asubuhi bibi humwita "mume wangu", humpapasa masikio na kuapa kwamba ni yale yale ya marehemu. Na kila asubuhi Zuwena huitikia, "Kabisa, mama, hajaacha kitu."

"Haloo? Dada, unanisikia?"

Mama mkwe akakata simu. Akaiweka juu ya kinu, polepole, kama kitu cha kuvunjika.

"Mtandao wa huku kwetu Mzenga huu," alisema bila kumtazama.

Kisha akapeleka mkono mgongoni, akaivuta kanga juu, akamfunika mtoto masikio.