Majina Kumi na Mawili

"Dakika nne na sekunde kumi," Ginette alitangaza, akiinua saa yake juu kama refa. "Mama Odile, ungekuwa umeshafukuzwa."

Basi zima likaangua kicheko. Walikuwa wanawake thelathini na wawili wa Saint-Elme, mji wa viazi karibu na mpaka wa Quebec, na kila mmoja alikuwa amebandika kifuani picha ya tone la maji. Tangu alfajiri walikuwa wameimba nyimbo za kanisani mpaka sauti zikawakauka.

"Punguza majina," Ginette alisema. Yeye alikuwa muuguzi, na ndiye aliyewafundisha wote namna ya kuzungumza mbele ya kamati ya bunge la jimbo. Kila msemaji alipewa dakika mbili, si zaidi. "Taja watoto wawili. Waliobaki sema 'na wenzao'."

"Mwanangu, nimewapikia pale shuleni miaka thelathini na mmoja. Hakuna aliyekuwa akiitwa Wenzao."

Alikuwa akipika kwa maji ya kisima, na kemikali ya kiwanda ilikuwa imeingia kisimani bila mtu kujua. Sasa kumi na wawili kati ya watoto wake, watu wazima wenye ndevu na mikopo, walikuwa wagonjwa. Muswada ulitaka jimbo lisafishe visima na kulipia vipimo vya damu na matibabu. Usipopita leo kwenye kamati, basi tena mpaka baada ya miaka miwili. Wajumbe wanne walikuwa upande wao, wanne walikuwa wanaupinga. Wa tisa alikuwa Seneta Wexler.

"Simjui kwa sura," Ginette alisema, "ila wanasema huvaa tai ya kipepeo. Ukikutana naye, usimwachie."

Odile alikutana naye kantini, kando ya mashine ya kahawa. Tai ya kipepeo, nyekundu, na kitita cha funguo kiunoni. Akamwekea donati ya viazi mbele yake hata kabla ya salamu.

"Kula, mheshimiwa. Halafu nisikilize."

"Usiniite mheshimiwa, mama. Niite Lucien." Mzee akauma donati, akafumba macho. "Hii umeipika wewe?"

"Mimi mwenyewe. Sasa sikiliza."

Akamsomea karatasi nzima. Bruno, aliyekuwa akificha karoti mfukoni. Mapacha wa Pelletier, waliopigania ukoko wa makaroni. Muda wote mzee aligongagonga meza kwa kidole gumba. Lilipofika jina la kumi na mbili, kidole kikatulia.

"Dakika nne," alisema, bila kutazama saa.

"Kura yako nitaipata?"

Mzee alicheka mpaka sukari ikamrukia kwenye masharubu. "Kura yangu, mama? Hata nyumbani kwangu haihesabiwi. Miaka ishirini na miwili ndani ya ukumbi ule, mimi nasikiliza tu. Lakini nakuahidi hili: wewe nitakusikiliza mpaka mwisho."

Odile akakimbilia msalani, akajifungia, akapiga magoti. "Bwana, Yoshua ulimsimamishia jua siku nzima. Mimi naomba dakika mbili tu."

"Mama Odile!" Ginette aligonga mlango. "Unaongea na nani humo?"

"Na Mwenyekiti. Amina."

Ukumbini, juu ya meza ya wasemaji, palikuwa na taa ndogo. Ya kijani, sema. Ya njano, malizia. Nyekundu, nyundo ya mwenyekiti inashuka. Mkulima mmoja alikatizwa kabla hata hajawafikia ng'ombe wake. Ginette mwenyewe alikatizwa kwenye neno "kwa hiyo".

Odile akavaa miwani yake ya kusomea. Karatasi ikawa wazi, waheshimiwa wakawa ukungu. Ndani ya ukungu ule, upande wa kulia, akaona doa jekundu shingoni mwa mtu. Akalitabasamia, akaanza.

Bruno. Mapacha. Kwenye jina la sita alijua kwamba dakika zake zimekwisha, akakaza meno akisubiri nyundo. Taa ilikuwa ya kijani. Jina la nane, kijani. Mwenyekiti akainama akaitazama taa, akaitazama saa ya ukutani, akajikuna kichwa. Nyuma, wanawake wa Saint-Elme walishikana mikono na kuziba vinywa. Jina la kumi na mbili, na taa bado ilikuwa kijani kama shamba la viazi mwezi wa Julai.

"Supu ile ya maji ya kisima niliipika mimi," Odile alimalizia. "Niliwaambia wamalize bakuli, wakanitii. Leo nawaomba na ninyi mnitii."

Kisha sauti ikatoka kwenye lile doa jekundu: "Huyo Bruno wa karoti, yuko wapi siku hizi?"

"Yuko nje, mheshimiwa. Ndiye dereva wa basi letu. Anameza vidonge kumi kwa siku, lakini karoti bado hali."

Wakacheka wote, hata waliokuja kupinga. Kura zikapigwa: tano kwa nne. Wanawake walipiga kelele mpaka nyundo isisikike. Odile alipita katikati ya viti, akamkumbatia Seneta Wexler kwa nguvu zote za mpishi wa shule.

"Ulisema utanisikiliza mpaka mwisho!"

"Samahani, mama," seneta alisema, akihema. "Tumewahi kuonana?"

Odile akavua miwani. Mbele yake alisimama kijana wa miaka thelathini, mwenye tai nyekundu ya kipepeo lakini asiye na hata unywele mmoja wa masharubu.

Nyuma yao mwenyekiti alikuwa akiigonga ile taa kwa nyundo. "Lucien! Hii taa yako imeharibika?"

Kwenye kimeza kidogo kando ya mlango, mzee mwenye sukari kwenye masharubu alibonyeza kitufe kwa kidole gumba.

"Imepona sasa hivi, mheshimiwa," alisema, na taa ikawa nyekundu.