Uso wa Mara Nane

"Humjui?" Bwana Picha aliuliza tena.

"Simjui, Bwana," alisema Aliko, akaendelea kufuta lenzi.

Kwenye kioo cha picha, uso wenyewe ulikuwa mdogo kama ukucha. Bwana Picha, Mjerumani mwenye kamera, alikuwa akipiga picha ya soko la Ipyana wakati uleule mzee mmoja aliposhusha rungu juu ya kichwa cha msimamizi wa barabara. Msimamizi alikufa. Mzee alipotelea migombani, na soko zima, watu wenye macho mazima kabisa, halikuona kitu. Sasa boma lilitaka uso ukuzwe, utambuliwe, na mwenyewe anyongwe.

Aliko ndiye aliyekuwa msaidizi wa chumba cha giza. Mgongo wake ulikuwa na alama za kiboko cha msimamizi huyohuyo. Hakutaka kabisa mtu anyongwe kwa kazi ya mikono yake.

Walianza kwa kukuza mara mbili. Sekunde kumi za taa zilitosha, lakini uso ulikuwa mdogo bado.

"Mara nane," aliagiza Bwana Picha.

Aliko alipandisha mashine ya kukuzia, akapiga hesabu kwa sauti. "Nane ni mbili mara nne. Basi sekunde arobaini." Karatasi ilipotoka kwenye dawa, mzee alikuwa mweupe kama wali, hana pua wala macho.

"Samahani, Bwana," alisema Aliko, kwa furaha aliyoificha vizuri.

Bwana Picha hakukasirika. Alipenda kujifunza kutokana na makosa, ya kwake na ya wengine. Barazani kwake alitundika picha ya harusi ya Yotamu: bwana harusi, baba yake, na kisigino cha bibi harusi kikiishia nyuma ya mgomba. Siku hiyo ndipo alipoelezwa kwamba huku mke hamtazami baba wa mumewe. Akimwona tu, hujifunika na kukimbia.

"Ongeza moja kwanza, kisha zidisha jibu kwa lenyewe," alisema Bwana Picha. "Mbili inakuwa tatu. Tatu mara tatu, tisa. Nane inakuwa tisa. Tisa mara tisa, themanini na moja. Mwanga unatakiwa mara tisa. Sekunde ngapi?"

Aliko alijibu kwa sauti ndogo: "Tisini."

"Safari hii nahesabu mimi."

Chini ya taa nyekundu uso ulijitokeza polepole ndani ya dawa: mashavu, kovu juu ya jicho, ndevu chache. Ulikuwa mkubwa kama sahani, na ulikuwa safi. Aliko aliutazama, akageukia ukutani.

Asubuhi picha iliegemezwa kwenye kiti barazani, askari kando yake, na watu wakaitwa mmoja mmoja.

Marta mfinyanzi aliinama, akaichunguza kama chungu kilichopasuka. "Simjui. Labda ni mtu wa Matema."

"Hapana," alisema Hezroni, aliyemfuata. "Huyu anafanana na Mjerumani."

Hadi mchana hapakuwa na aliyemjua. Askari alipiga miayo. Bwana Picha alisema labda waache, boma litafute njia nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu juzi, Aliko alivuta pumzi ya kushiba.

Ndipo Felista, mkewe, akaja na kikapu cha chakula kama kila siku.

"Ndaga," alisalimu kwa adabu, akapanda ngazi, akainua macho.

Kikapu kilianguka. Felista alijifunika nguo usoni, akaruka ngazi, akatokomea migombani. Samaki walibaki wametapakaa barazani.

Askari alicheka. "Wanawake wanaogopa picha!"

Bwana Picha hakucheka. Aliutazama mgomba uliokuwa bado unatikisika, kisha kile kisigino ukutani.

"Aliko," aliuliza taratibu, "baba yako anakaa wapi?"