Salamu za Mwisho kwa Profesa Bondzie

"Umri wake?" Fiifi aliuliza.

"Andika sabini," Anti Araba akasema. "Ikibidi tutarekebisha."

Fiifi Amissah akaandika sabini. Katika kazi ile alikwisha kuzoea. Aliwahi kuona wafiwa wakisahau umri wa baba yao, jina la kanisa lake, hata idadi ya watoto wake. Hasa idadi ya watoto.

Alikuwa mwaka wa sita wa shahada ya uzamivu, bila ufadhili wa mtu yeyote. Mwaka wa kwanza alifundisha masomo ya ziada, wazazi wakamlipa kwa ahadi. Mwaka wa pili alikaanga ndizi mbele ya hosteli, akaunguza mkono na mtaji kwa wakati mmoja. Ndipo Kobina, mwenye duka la uchapishaji hapo Cape Coast, alipompa kona ya meza. Familia zikija kuchapisha kitabu cha mazishi, Fiifi aliwaandikia wasifu wa marehemu pamoja na salamu za mwisho: za mjane, za watoto, za kanisa, za kazini. Kila Jumamosi palikuwa na mtu wa kuzikwa. Ada yake ya chuo ililipwa hivyo, na watu ambao hakuwahi kuonana nao.

"Huyu ndiye daktari wetu," Kobina alipenda kuwaambia wateja. "Wagonjwa wake wote walishakufa, na hakuna hata mmoja aliyelalamika."

Lakini jina la leo Fiifi alilijua. Anti Araba alikuwa mke wa Profesa Bondzie, msimamizi wa tasnifu yake. Profesa alikuwa na ugonjwa wa moyo, na hii ilikuwa wiki ya tatu hajaonekana idarani. Sasa mkewe ameketi hapa, gauni la njano, mkoba mapajani, anaagiza kitabu cha mazishi.

Fiifi hakuuliza ilitokea lini. Mtu mkubwa hatangazwi mpaka wazee wa ukoo wakae, na anayeropoka kabla yao hutozwa kondoo. Hata gauni la njano alilielewa hivyohivyo: mama anaficha.

"Pole sana, Anti," alisema kwa sauti ya chini.

"Asante, mwanangu. Nimechoka, we acha tu."

"Tarehe ya mazishi?"

"Iache wazi."

"Na salamu ziwe ndefu au fupi?"

"Fupi. Hapendi maneno mengi. Na sifa za uongo zinamkasirisha."

Fiifi akaandika daftarini: *Hakupenda maneno mengi. Sifa za uongo zilimkasirisha.*

Kilichomjia kwanza hakikuwa huzuni. Kilikuwa sura ya nne na sura ya tano. Aliziweka mikononi mwa Profesa miezi kumi na moja iliyopita: historia ya wanawake wa chumvi wa Elmina, kurasa mia moja na arobaini. Chuo kilikuwa kimempa mpaka mwisho wa Juni. Baada ya hapo jina lake lingefutwa. Msimamizi mpya angetaka waanze upya. Aliona haya kuwaza hivyo mbele ya mama wa watu, kisha akauliza hata hivyo.

"Anti, samahani. Kuna karatasi zangu mezani kwake..."

"Ile meza, Fiifi? Mimi mwenyewe siruhusiwi hata kuifuta vumbi." Akafunga mkoba. "Wewe niandikie kwanza. Ijumaa nitatuma dereva azichukue hizo salamu."

Salamu nne zilitoka bila shida. Ya mke, ya watoto, ya kanisa, ya idara: hizo angeweza kuziandika huku anakula. Ya tano ilikuwa ya wanafunzi.

Alianza hivi: *Profesa alikaa na sura zangu miezi kumi na moja. Kila nilipokutana naye ukumbini alinishika bega akasema, "Nakaribia kumaliza, kijana." Hakuwa amekaribia.*

Akaifuta.

Akakumbuka mwaka wa pili, wiki ile alipokuwa amefungasha vitu vyake arudi kwao. Profesa alimchukua hadi kwenye mabwawa ya chumvi, akakunja suruali, akaingia topeni na viatu mkononi. Wazee wa kike waliokuwa wakikusanya chumvi walimcheka. "Huyu ni mwenzangu," aliwaambia, akimwonyesha Fiifi. "Mjibuni kama mnavyonijibu mimi." Hakusema mwanafunzi wangu. Jioni ile Fiifi alifungua sanduku, akarudisha nguo kabatini.

Hilo aliliandika lote. Mwishoni akaongeza, kwa sababu kitabu cha mazishi kina adabu zake: *Kila sura tuliyompelekea aliirudisha ndani ya wiki mbili.* Aliusoma mstari huo mara tatu. Kisha akainamisha kichwa juu ya meza, mabega yakamtikisika. Kobina, ambaye hakuwahi kumwona akimlilia marehemu yeyote, alizima redio, akaenda kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Ijumaa dereva alikuja akachukua bahasha. Jumamosi asubuhi akairudisha.

Kurasa zote tano zilikuwa zimejaa wino mwekundu. Mkato umehamishwa hapa, sifa mbili zimekatwa kule. Salamu za kanisa zimepigwa mstari kuanzia juu hadi chini. Kwenye ukurasa wa tano sentensi ya mwisho ilikuwa imezungushiwa duara, na pembeni yake paliandikwa kwa mwandiko ambao Fiifi aliujua kwa miaka sita:

"Uongo. Ni miezi kumi na moja, na sijui nimeziweka wapi. Niletee nakala nyingine Jumatatu asubuhi. Alhamisi napasuliwa."