Ushindi wa Kupewa

"Umenifunga tena, kaka," alisema Ferdinand.

Rafiki yake mzee alicheka. "Hebu niishike hiyo kingi iliyokumaliza." Akanyoosha mkono kwenye ubao wa drafti, Ferdinand asiwahi kumzuia.

Tangu macho yake yazimike, mzee yule alikuwa akitaja tu anakotaka kwenda, Ferdinand akimsogezea kete. Zamani alikuwa bingwa wa Tunduma nzima. Madereva waliokwama kwenye foleni ya mpakani walimwita kamanda. Ndiye aliyemwambia Ferdinand, "Jifunze drafti, mwenzangu. Ni vita isiyoacha mjane."

Kete zilikuwa vizibo vya soda. Vya mzee vimefunikwa, vya Ferdinand vimefunuliwa. Kidole cha mzee kilitambaa ubaoni, kikagusa meno ya kizibo kilichofunuliwa, kisha kingine, na kingine. Chake hakikuwepo hata kimoja.

Kicheko kilikatika.

"Tangu lini, Ferdi?"

"Tangu ulipoacha kuona."

Mzee aliinuka, akaanza kupapasa ukuta kuutafuta mlango. Ferdinand akamshika mkono ili amsindikize nyumbani, kama kawaida yao.

"Niache," alisema mzee. "Nitaupata mwenyewe."